Sifongo wa Chokaa: Mnyama Asiye na Kinywa wala Tumbo

Watu wengi wameiona sifongo ya kuogea. Ni laini, hunyonya maji mengi, na ikibanwa mkononi huyatoa tena. Wengi waitumiao hawafikiri ilitoka wapi, na wengine hudhani kuwa ni aina ya mmea kama dodoki. Lakini sifongo ya asili ni mabaki ya mnyama wa baharini. Nyama yake imekwisha kuoza na kuoshwa, na kilichobaki ni nyuzi zilizokuwa zikiushikilia mwili wake.

Si kila sifongo hufaa kwa kuogea. Wako wengine ambao ndani ya miili yao hamna nyuzi laini, bali miiba midogo isiyohesabika, migumu, iliyofanywa kwa chokaa. Mtu akijisugua kwa sifongo wa namna hiyo atajichubua ngozi. Hawa ndio sifongo wa chokaa. Hawana bei sokoni, wala si wakubwa, lakini wamewafundisha wataalamu mambo mengi juu ya jinsi mwili wa mnyama unavyojengwa. Somo hili linaeleza habari za mmoja wao, aishiye katika bahari ya baridi ya kaskazini, kutoka Greenland mpaka pwani za Norway na Uingereza. Jina lake la kitaalamu ni Sycon ciliatum.

MMEA AU MNYAMA?

Kwa lugha ya kila siku watu husema "sifongo hii", kama wasemavyo "meza hii". Si ajabu, kwa sababu sifongo haendi, halii, hana macho, wala hakimbii akiguswa. Hata wataalamu walibishana muda mrefu kama awekwe pamoja na mimea au pamoja na wanyama.

Mwaka 1765 John Ellis, mfanyabiashara wa London aliyependa kuchunguza viumbe vya baharini, alieleza kwamba aliwaona sifongo walio hai wakiingiza maji na kuyatoa. Mwaka 1825 Robert Grant, daktari wa Edinburgh, alitia kipande cha sifongo aliye hai katika maji ya bahari, akakitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Akaona maji yakibubujika kutoka katika tundu kama chemchemi, yakichukua takataka ndogo ndogo. Akachunguza zaidi, akafahamu kuwa maji huingia kwa vitundu vidogo sana vilivyo pande zote za mwili, na hutokea katika tundu kubwa. Njia hizo hazibadilishani kazi. Kwa sababu hiyo mwaka 1836 aliwapa sifongo wote jina la Porifera, maana yake wachukuao vitundu.

Mmea hujitengenezea chakula chake kwa nguvu ya mwanga wa jua. Sifongo hukamata chakula kilichomo majini na kukila. Basi ni mnyama, na katika somo hili atatajwa kama mnyama.

UMBO LAKE KWA NJE

Sycon ciliatum ni mdogo. Mara chache hupita urefu wa sentimita 5, na wengi hawafiki hapo. Umbo lake ni kama chupa ndogo au mtungi mwembamba, mnene katikati na mwembamba juu na chini. Rangi yake ni nyeupe iliyofifia, au ya maziwa, au ya kijivu. Hujishikiza penye miamba, makombe na majani ya baharini, hasa mahali pa kivuli, kuanzia ufuko ufunuliwao na maji yakipwa mpaka kwenye kina kirefu zaidi.

Mwili wake wote una vinyweleo kama malaika ya mkono wa mtu. Juu kabisa pana tundu moja lililozungukwa na miiba mirefu, myembamba, iliyosimama kama taji. Tundu hilo halifanyi kazi ya kinywa ingawa laonekana hivyo. Hakuna chakula kiingiacho hapo. Ni mlango wa kutokea maji yaliyokwisha kutumika.

NJIA YA MAJI

Mtu akimpasua sifongo huyu katikati kwa wembe, kutoka juu mpaka chini, ataona uwazi mrefu kama ua wa nyumba. Kuzunguka uwazi huo, ukuta wa mwili umejaa vyumba vidogo virefu, vilivyopangwa kwa ubavu kama masega ya nyuki, kila kimoja kikielekea nje. Katikati ya chumba na chumba umo mfereji mwembamba.

Maji huingia kwanza katika mifereji hiyo kutoka nje. Kisha hupenya katika vitundu vidogo vya ukuta na kuingia vyumbani. Kutoka vyumbani hupita katika mlango mwingine na kumwagika katika uwazi wa kati, na mwisho hutoka kwa tundu la juu.

Ni nini kinachoyasukuma maji? Sifongo hana moyo, hana misuli, wala hana mishipa ya fahamu. Kazi hiyo hufanywa na chembe hai, ziitwazo seli, zilizotandaa ndani ya kila chumba. Kila seli ina kijeledi kimoja chembamba, na shina la kijeledi limezungukwa na kitu kama kola ya shati. Seli hizi ni ndogo mno hata 100 zikipangwa mstari mmoja hazipiti milimita 1. Kila kijeledi hupiga maji kwa wakati wake bila kungojea kingine, lakini kwa kuwa viko vingi sana maji huenda bila kukoma. Vijidudu vidogo na vipande vya chakula hunaswa penye kola, na seli huvimeza na kuvisaga ndani yake yenyewe. Kwa hiyo sifongo hahitaji tumbo. Kila seli ya kola hula, kisha sehemu ya chakula hupewa seli nyingine.

Jambo la kustaajabisha ni mwendo wa maji hayo. Mto ufikapo bwawani hutanda na kupunguza mwendo. Ukitoka tena katika mlango mwembamba huenda kasi. Vivyo hivyo ndani ya sifongo. Vyumba vikijumlishwa vina upana mkubwa kuliko mlango wa juu, basi maji hupita humo polepole, na seli hupata nafasi ya kukamata chakula. Yafikapo kwenye mlango wa juu huruka kwa nguvu na kuzitupa taka mbali, ili sifongo asiyanywe tena maji yale yale machafu. Mnyama asiyeweza kuhama lazima awe na njia ya kuyaondoa maji machafu karibu naye.

Nje ya mwili kuna seli bapa zilizoshikana kama vigae. Katikati ya seli bapa na seli za kola kuna utando laini kama uji mzito, na ndani yake seli nyingine hutembea, kila moja na kazi yake. Baadhi ya hizo ndizo mafundi wa miiba.

MIIBA YA CHOKAA

Miiba ndiyo nguzo za nyumba yake. Bila hiyo mwili ungelala kama nguo iliyoloana. Iko ya namna tatu. Wa kwanza una ncha mbili, kama sindano iliyochongwa pande zote mbili. Mafungu ya miiba hii husimama kwenye ncha za vyumba na kuufanya mwili uonekane wenye nywele, na mingine mirefu zaidi ndiyo ile taji ya juu. Wa pili una ncha tatu, kama mafiga yaliyounganishwa. Huu huimarisha kuta za vyumba. Wa tatu una ncha nne. Tatu kati yake hulala ukutani, na ya nne huchomoza katika uwazi wa kati.

Fundi wa mwiba si seli moja. Ncha moja ya mwiba huhitaji seli mbili zishirikiane. Kwa hiyo mwiba wa ncha tatu huanzishwa na seli sita zilizokusanyika pamoja. Wawili wawili hurefusha kila ncha, mpaka mwiba ukamilike.

Kitu chenyewe ni kabonati ya kalsiamu, iliyochanganyika na magnesi kidogo. Ni jamaa ya kitu kile kile kilichomo katika makombe na katika mawe ya matumbawe, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameyajengea nyumba na kuyachoma kuwa chokaa tangu zamani. Msomaji akitaka kuijua tabia yake, na atie kipande cha kombe katika siki au maji ya ndimu, akitazame. Ataona mapovu yakipanda. Asidi inakula chokaa na kutoa hewa. Miiba ya sifongo huyu ikitiwa asidi hufanya vivyo hivyo, hata ikayeyuka yote. Miiba ya sifongo wengi wa namna nyingine ni ya kitu kilicho karibu na kioo, nayo katika siki haibadiliki. Kwa jaribio hilo dogo mtaalamu hutenga kundi na kundi kabla hajafanya uchunguzi mwingine.

JINSI AZALIWAVYO

Mayai ya Sycon hukua ndani ya mwili wa mama. Mbegu za kiume huletwa na maji kutoka kwa sifongo mwingine. Seli ya kola huikamata mbegu kama ikamatavyo chakula, lakini badala ya kuila huichukua na kuipeleka kwa yai.

Mtoto aanzapo kuumbika huwa mpira mdogo ulio wazi ndani, na vijeledi vyake vimeelekea ndani. Kwa hali hiyo hawezi kuogelea. Ndipo mpira hujigeuza, ndani kukawa nje, kama mtu apinduavyo mkono wa kanzu. Sasa nusu ya mbele ina seli nyembamba zenye vijeledi, na nusu ya nyuma ina seli kubwa zisizo na vijeledi. Mtoto hutoka kwa mlango wa juu, akaogelea muda mfupi, kisha hujibandika mahali kwa upande wake wa mbele. Seli zenye vijeledi huingia ndani, na kutoka kwazo hupatikana seli za kola. Zile za nyuma huzifunika na kuwa ngozi. Kwanza mtoto huwa bomba moja tu lisilo na vyumba. Baadaye vyumba huchipuka ubavuni, mpaka awe na umbo la wazazi wake. Tangu siku ya kujibandika hahami tena.

JARIBIO LA KITAMBAA CHA HARIRI

Mwaka 1911 Julian Huxley wa Uingereza alitangaza habari za jaribio alilofanya juu ya sifongo wa jenasi hiyo ya Sycon. Aliwapitisha kwa nguvu katika kitambaa cha hariri chenye matundu madogo, hata mwili ukavunjika kabisa na seli zikatawanyika majini. Mnyama mwingine angekufa. Lakini seli hizo zilitambaa, zikatafutana, zikashikana mafungu mafungu, na baadhi ya mafungu yakaanza kujijenga tena kuwa sifongo wadogo. Makundi yaliyokuwa ya seli za kola peke yake yalifanya mipira yenye vijeledi vilivyoelekea nje.

Jaribio hilo lilionyesha kuwa umoja wa mwili hautegemei kila seli kubaki mahali pake, ila hutegemea seli za kila namna kuwapo na kushirikiana. Huxley huyo ndiye aliyesafiri Afrika Mashariki mwaka 1929 kwa ajili ya mambo ya elimu, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO.

JINA LAKE NA UKOO WAKE

Barua iliyoandikwa jina tu pasipo mahali haimfikii mwenyewe, kwa kuwa wenye jina hilo ni wengi. Huhitaji kijiji, wilaya na nchi. Viumbe vyote navyo huandikiwa anwani namna hiyo, kutoka kundi kubwa kushuka mpaka dogo. Anwani ya sifongo huyu ni hii:

Himaya: wanyama.
Faila: Porifera, yaani sifongo wote.
Ngeli: Calcarea, yaani sifongo wa chokaa.
Ngeli ndogo: Calcaronea.
Oda: Leucosolenida.
Familia: Sycettidae.
Jenasi: Sycon.
Spishi: Sycon ciliatum.

Aliyempa jina la kwanza ni Otto Fabricius, mmisionari Mdenmaki aliyekaa Greenland, na aliyetoa kitabu juu ya wanyama wa huko mwaka 1780. Alimwita Spongia ciliata. Neno la pili lina maana ya mwenye kope, kwa ajili ya ile miiba myembamba. Siku hizo sifongo karibu wote waliitwa Spongia. Mwaka 1827 Antoine Risso wa mji wa Nice alianzisha jina Sycon, neno la Kiyunani lenye maana ya tini, kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1786 sifongo wa pwani ya Uingereza alikuwa amekwisha kupewa jina jingine, lenye maana ya mwenye taji. Baadaye ikakubaliwa kuwa ni yule yule wa Fabricius. Kwa sheria ya majina, jina lililotangulia ndilo lidumulo.

Sifongo wote wamegawanywa katika ngeli 4, na wale wa chokaa hawafiki 10 katika kila spishi 100.

KOSA LA KUTAZAMA UMBO TU

Kuweka kila mnyama mahali pake si kazi nyepesi, na habari za sifongo wa chokaa ni mfano mzuri. Mwaka 1872 Ernst Haeckel wa Ujerumani alitoa vitabu vitatu juu yao. Aliwagawa kwa kufuata njia ya maji: wenye bomba moja tu, wenye vyumba vilivyopangwa ubavuni kama Sycon, na wenye vyumba vingi vidogo vilivyotawanyika katika ukuta mnene. Mpango huo ulikuwa rahisi kushikika, na mpaka leo wanafunzi hufundishwa namna hizo tatu za mwili.

Lakini nyumba mbili zaweza kufanana ingawa wajenzi wao si ndugu. Mwaka 1898 George Bidder alitazama vitu vidogo zaidi. Aliona kuwa katika baadhi ya sifongo wa chokaa kijeledi huota moja kwa moja kutoka katika kiini cha seli, na katika wengine kiini hukaa chini, mbali na shina la kijeledi. Akawagawa katika makundi mawili, Calcaronea na Calcinea. Tofauti hizo zinakwenda pamoja na nyingine. Mtoto wa Calcaronea ana nusu mbili zisizofanana, na mwiba wake wa kwanza ni wa ncha mbili. Mtoto wa Calcinea ni mpira ulio sawa pande zote, na mwiba wake wa kwanza ni wa ncha tatu.

Mwaka 1963 Maurice Burton wa London alijaribu kupunguza majina. Aliona kuwa sifongo wa namna moja hubadilika sana umbo kwa kufuata mahali anapokaa, akaunganisha spishi nyingi kuwa moja. Kuonya kwake kulikuwa na maana, lakini wengi waliomfuata walisema amepita kiasi, kwa kuwa aliwaita mmoja wale ambao ni mbalimbali. Hasara yake si ndogo. Wanyama wawili wakiitwa kwa jina moja, mmoja aweza kutoweka katika bahari na asijue mtu.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wamesoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila seli. Vinasaba vimethibitisha mgawanyo wa Bidder. Lakini vimeonyesha pia kuwa sifongo waitwao Sycon si watoto wa mzazi mmoja. Baadhi yao wamo karibu zaidi na jenasi nyingine. Basi anwani iliyoandikwa juu hapo yaweza kurekebishwa tena, na sehemu ya kwanza kubadilika ni lile jina la tini. Ciliatum mwenyewe amesaidia katika kazi hii: mwaka 2014 watafiti wa Bergen, Norway, na wenzao walitangaza kuwa wameona ndani yake kinasaba cha kundi lililodhaniwa kuwa sifongo hawana.

CHOKAA NA BAHARI

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina sifongo wa chokaa. Cyril Crossland alikusanya viumbe vya baharini Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, na mwaka 1908 C. F. Jenkin alieleza sifongo wa chokaa waliokuwa katika mkusanyo huo. Mtu aendaye miambani maji yakipwa, akichungulia chini ya mawe, aweza kukutana na jamaa zao. Inampasa ayarudishe mawe kama alivyoyakuta, kwa sababu viumbe vya kivulini hufa vikiachwa juani.

Msomaji na akumbuke lile kombe katika siki. Moshi wa viwanda na magari hutoa hewa ya kaboni, na sehemu yake huingia baharini na kuyaongeza maji uasidi. Tangu viwanda vilipoanza, uasidi wa maji ya juu ya bahari umeongezeka kadiri ya sehemu 30 katika kila 100. Bahari haijawa siki, wala miiba ya sifongo haiyeyuki mbele ya macho. Lakini viumbe vyote vijengavyo kwa chokaa, kama matumbawe, makombe na sifongo hawa, hulazimika kutumia nguvu zaidi kupata kitu kile kile cha kujengea, na chokaa yenye magnesi nyingi ni miongoni mwa zile ziyeyukazo kwa wepesi.

Sycon ciliatum hawezi kuhama kutafuta maji mengine. Pale alipojibandika siku ya kwanza ndipo atakapokaa mpaka mwisho, akipitisha bahari katika mwili wake mchana na usiku. Maji yakiwa mema hupata chakula na chokaa. Yakiharibika, hayo hayo ndiyo atakayoyanywa.